UZI: Sauti za injini kwenye gemu za ndege za vita, usiamini jina la faili

Rubani wa Mezani (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Huu uzi ni wa wale tunaocheza simyuleta za ndege za vita ya pili ya dunia, iwe DCS, IL-2 mpya, War Thunder au ile IL-2 1946 kwenye laptop ya zamani, gemu ya 2006 lakini mpaka leo inapaa. Nataka tuongelee sauti ya injini. Michoro watu wanaisifia, namna ndege inavyopinda watu wanabishana mpaka usiku wa manane, ila kwenye sauti unakuta mtu kapakua modi (faili la nyongeza la gemu) imeandikwa Bf 109 halisi, kaiweka, karidhika, na kinachonguruma kwenye hedifoni ni Rolls-Royce Merlin. Yan ndege ya Mjerumani inaongea kwa koo la Muingereza. Na aliyetengeneza anaapa karekodi ndege ya kweli, na kweli karekodi, tatizo ni injini iliyokuwa imefungwa ndani yake.

Iko hivi. Baada ya vita Wahispania walikuwa na leseni ya kuunda 109, injini za Daimler-Benz kutoka Ujerumani hazikuja, wakahangaika na injini nyingine na mwisho wakafunga Merlin. Ndo ikazaliwa Buchón, Hispano HA-1112-M1L. Hizo Buchón ndo ziliigiza ndege za Wajerumani kwenye filamu kubwa ya 1969 kuhusu vita ya anga ya Uingereza, na zingine bado zinaruka kwenye maonyesho mpaka leo. Mtu anasimama na maiki yake pembeni ya uwanja, anarekodi, anaipa faili jina la 109, afu hilo faili linazunguka intaneti miaka na miaka.

Kuitambua kwa picha ni rahisi. Injini za 109 zenyewe, Daimler-Benz DB 601 na DB 605, ni V12 (silinda 12 kwa umbo la V) iliyopinduliwa, silinda zinaning'inia chini, kwa hiyo eksozi zinatokea chini ubavuni mwa pua. Merlin imesimama wima, eksozi ziko juu. Ukiona video ya 109 yenye eksozi juu, hiyo ni Buchón, sauti yake usiitumie kwa 109.

Lakini faili la sauti halina picha, sasa hapo utajuaje? Hapa ndo penyewe, tulieni.

Injini ya V12 ya mipigo minne inalipua silinda sita kila kranki ikizunguka mara moja. Merlin ikiwa RPM 3000, yan mizunguko 3000 kwa dakika, ni mizunguko 50 kwa sekunde, mara 6, unapata milipuko 300 kwa sekunde, 300 Hz. Propela nayo haizunguki sawa na kranki, kuna gia inapunguza. Kwenye Mustang P-51D gia ni 0.479, kwa hiyo propela iko RPM 1437 hivi, karibu mizunguko 24 kwa sekunde, mapanga manne, unapata kama 96 Hz. Sasa gawanya 300 kwa 96. Inakuja 3.13.

Njoo kwa 109 G yenye DB 605. Gia yake kranki inazunguka 1.685 propela ikizunguka 1, mapanga matatu. Piga hesabu, mlipuko kugawanya panga inakuja 3.37. RPM yoyote ile haibadiliki, maana gia ni ile ile na mapanga ni yale yale. Na uzuri wake ni kwamba hata ndege ikiwa inakupita kwa kasi na sauti inapanda na kushuka, namba zote mbili zinapanda na kushuka pamoja, uwiano unabaki pale pale.

Kwa hiyo chukua faili, lifungue kwenye Audacity ambayo ni ya bure, badilisha muonekano uwe spektrogramu, picha inayoonyesha noti zilizomo kwenye sauti, utaona mistari mlalo. Tafuta mstari wa mapanga kule chini na ngazi zake (mistari inayojirudia juu yake), tafuta mstari mkali wa milipuko, gawanya. Kazi ya dakika chache tu. Inahitaji rekodi safi kidogo, ila kama rekodi ni chafu kiasi kwamba huoni hata mistari, basi hata kwenye gemu haikufai.

Spitfire Mk I ya Waingereza nayo mfano mzuri. Ni Merlin vilevile, gia 0.477, ila mapanga matatu, uwiano unaruka mpaka 4.19. Mk IX ina manne, 3.14. Ndo maana ukichukua sauti ya Mk IX ukaitia kwenye Mk I ya 1940 kuna kitu sikio linakikataa hata kama huwezi kusema ni nini.

Naendelea, ngojeni kidogo.

Kipepeo77

Mkuu shusha nondo, nimeshavuta kiti. Mi nilikuwa najua tu kwamba Spitfire inalia vizuri basi.

Bahari Hindi

Swali. Hiyo ya 109 nimekuelewa, je ndege zingine nazo zina huo mchezo au ni hiyo moja? Maana mi nacheza sana upande wa Pasifiki, Zero ya Wajapani na Corsair ya Wamarekani.

Rubani wa Mezani

@Bahari Hindi ndugu yangu, zipo kibao, na Zero ndo mojawapo. Injini yake ni Nakajima Sakae, silinda 14 kwenye duara mbili. Zero inayoruka na Sakae yake ya asili ni ile ya makumbusho ya Planes of Fame kule Chino, California. Zingine zilizowahi kuruka miaka ya karibuni zimefungwa Pratt & Whitney R-1830 ya Marekani. Hiyo nayo ina silinda 14 kwa hiyo mngurumo wa chini unafanana kiasi, lakini gia ni nyingine na eksozi ni nyingine, huwezi kusema umeileta Zero.

Fw 190 ya Wajerumani vilevile. Kuna nakala za kisasa zilizoundwa na kampuni ya Flug Werk, nzuri kweli kwa macho, ila ndani kuna injini ya ukoo wa ASh-82 ya Kirusi, ile ile iliyokuwa kwenye La-5 na La-7. BMW 801, injini ya asili ya Fw 190, ina feni ya mapanga 12 pale mbele ya injini, inazunguka haraka kuliko propela, inasukuma hewa ya kupoza, na ina sauti yake juu ya mngurumo. Kama unataka BMW 801 ya kweli tafuta rekodi za ile Fw 190 A-5 iliyookotwa msituni karibu na Leningrad 1989 ikaja kurushwa tena Marekani na injini yake. Hiyo ni dhahabu.

Afu kuna Yak-3 za Kirusi zilizoundwa upya miaka ya 90, zimefungwa Allison V-1710 ya Marekani badala ya Klimov, injini yake ya asili. Mtu anarekodi anaandika Yak. Gia ya Allison kwenye hizo ni 2 kwa 1 hivi na mapanga matatu, uwiano unakaribia 4, ukiiona 4 kwenye faili la Yak unajua umepewa nini.

Corsair yako wewe una bahati, injini zake za R-2800 zinaruka kwa wingi na ni zenyewe. Cha kuangalia ni ule mluzi. Ule hautoki kwenye injini, unatoka kwenye matundu ya hewa pale bawa linapoungana na mwili, hewa ya kupozea oili inapita hapo. Kwa hiyo kwenye modi yako mluzi ufuate spidi ya ndege, usifuate RPM. Nimeona modi nyingi mluzi umefungwa kwenye injini, ndege imesimama uwanjani inapasha moto huku inapiga mluzi kama iko kwenye mbizi. Inauma.

fundi_sauti

Hapo kwenye kufunga sauti na kitu sahihi naomba niongeze kwa sababu ndo kazi ninayoifanya, nakata sauti za modi. Kosa kubwa kuliko yote sio hata injini ya uongo, ni noti ya sauti kufuata leva ya mafuta. Mtu anasukuma leva, sauti inapanda wiiiii, anavuta, inashuka. Hiyo ni pikipiki. Ndege za kuanzia 1940 nyingi zina propela inayojirekebisha yenyewe, rubani anachagua RPM, mapanga yanageuza pembe yake ili RPM ibaki pale pale. Ukiongeza mafuta kinachopanda ni busti, msukumo wa hewa kwenye injini, RPM haisogei. Kwa hiyo sauti inatakiwa inenepe, iwe nzito, iwe na kishindo, lakini noti isipande. Ukifunga mafuta noti inabaki halafu injini inaanza kupukutisha milio pap pap kwenye eksozi. Noti inashuka pale tu unapovuta ile leva nyingine ya RPM, au ndege ikipungua spidi mpaka mapanga yamefika mwisho wa kujigeuza.

Spitfire za mwanzo kabisa zenye propela ya mbao ya mapanga mawili hizo sawa, zinapanda na kushuka, pembe ya mapanga haigeuki. Kwa hiyo hata ndani ya Spitfire yenyewe kuna tabia mbili za sauti.

Kivitendo mi nahitaji rekodi mbili kwa kila RPM, moja injini ikiwa imebeba mzigo na moja ikiwa imelegezwa, kuanzia taratibu kabisa mpaka 3000. Afu gemu inachanganya kati ya jirani na jirani. Usichukue kipande kimoja ukakivuta kutoka 1200 mpaka 3000, kikivutwa mbali hivyo mwili wa ndege nao unasikika kama umesinyaa, inakuwa sauti ya nyuki. Ukivuta kidogo kidogo karibu na pale ulipokirekodi sikio halishtuki.

Na jamani, msitumie rekodi za ndege inayopita. Namsihi kila mtu. Ndege ikija kwako kwa 540 km kwa saa, ile 300 Hz unaisikia kama 537, ikishapita unaisikia kama 208. Hiyo yote imeshaganda kwenye faili. Gemu nayo inaongeza hayo mabadiliko yake yenyewe kulingana na ulipo, unapata mara mbili. Tafuta ndege iliyosimama ikijaribiwa injini, au iliyorekodiwa kutoka ndani. Na faili liwe mono, sio stereo, gemu inahitaji mono ili iweze kuiweka sauti kushoto au kulia au nyuma yako.

Rubani wa Mezani

@fundi_sauti umemaliza kila kitu mkuu. Hiyo ya RPM kusimama ndo roho yenyewe, na faida yake ni kwenye mapigano. Sauti ikiwa sahihi huhitaji kuangalia mshale, unajua kwa masikio kwamba RPM imeporomoka maana umekwama kwenye kona na spidi imekwisha, unalegeza, macho yako yanabaki kwa adui.

Kitu kingine cha namna hiyo, Merlin za mwanzo zina karbureta yenye boya, ukisukuma pua chini ghafla mafuta yanaelea, injini inakohoa inakatika kidogo. DB ya 109 inanyunyiza mafuta moja kwa moja kwenye silinda, haikohoi. Marubani wa 109 walilijua hilo wakawa wanasukuma pua tu wanakimbia. Mhandisi Beatrice Shilling, kwenye kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough Uingereza, akatengeneza kipande kidogo chenye tundu cha kuzuia mafuta yasimwagike yote, marubani wakaanza kukipata 1941. Kwa hiyo Spitfire ya 1940 kwenye gemu ikisukumwa pua bila kukohoa, hapo sauti imekudanganya na historia imepotea.

Mtoto wa Mweiga

Sasa wadau, mi niko Kenya, Nyeri. Naona mnaongea Merlin na Spitfire, lakini huku kwetu wazee wanaongea kuhusu Harvard. Wakati wa vita vya Mau Mau hizo ndo zilikuwa zinakuja juu ya msitu wa Aberdare, wanasema ulikuwa unasikia ikiwa mbali sana, sauti ya kukwaruza, inachana. Kwa gemu nimeweka Harvard lakini inalia tu polepole hivi kama ndege ya mafunzo. Ni wazee wanaongeza chumvi ama ni gemu?

Rubani wa Mezani

@Mtoto wa Mweiga ni gemu ndugu, wazee wako sahihi kabisa na fizikia iko upande wao.

Harvard ina injini ya Wasp R-1340, silinda 9, nguvu farasi 600, sio nyingi. Lakini haina gia. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, injini ikienda RPM 2250 na propela inaenda 2250. Propela yenyewe ina upana wa kama mita 2.74. Piga hesabu, ncha ya panga inakwenda mita 323 kwa sekunde hata kabla ndege haijasogea, ikiruka inazidi hapo. Spidi ya sauti ni mita 340 na kitu. Yan ncha za mapanga ziko karibu na kuvunja spidi ya sauti muda wote ambao rubani kafungua nguvu zote, na panga likifika huko halivumi tena, linachana hewa. Ile sauti ya kukwaruza ni ya propela, injini inachangia kidogo tu. Ndo maana ilisikika mbali.

Na inasikika kwa nguvu zaidi ukiwa usawa wa duara la propela, pembeni. Kwa mbele na nyuma inapungua. Modi nzuri ya Harvard inatakiwa iwe na tabaka la propela peke yake, liwe kimya kwenye RPM za chini halafu kuanzia 1900 hivi lianze kuingia kwa kasi, na liwe na mwelekeo.

Hizo Harvard za kwenu zilikuwa za kikosi kidogo cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa 1953, na kwenu Mweiga ndo walipokuwa na uwanja. Juu yake kulikuwa na ndege kubwa za kudondosha mabomu, Avro Lincoln, zikitokea Eastleigh Nairobi, injini nne kila moja, na injini zenyewe ni Merlin. Kwa hiyo wazee wa Nyeri na Murang'a waliisikia Merlin angani kwao, na kwa hali ambayo hakuna aliyekuwa anaifurahia. Mi naona hilo tuliheshimu tunapotengeneza hizi sauti. Kama wazee wapo na wako tayari kuongea, kaa nao, waulize ilianza kusikika vipi, ikikaribia ilibadilikaje, ikiondoka ilikuwaje. Masikio yao ni ushahidi ambao hakuna maiki iliyouchukua.

Mtoto wa Mweiga

Nitauliza, kuna mzee hapa karibu. Asante sana mkuu.

Kipepeo77

Mi nina ubishi kidogo. Kwenye War Thunder namsikia adui akija nyuma yangu, nageuka, napona. Nimejaribu gemu moja ngumu sisikii kitu mpaka risasi zinaingia. Hiyo nayo mnaiita uhalisia? Mbona mtu wa chini anasikia ndege kilomita kadhaa?

fundi_sauti

Mtu wa chini hana injini ya lita 27 mbele ya magoti yake mkuu. Rubani wa Spitfire kavaa kofia ya ngozi imebana masikio, ndani yake kuna redio inakwaruza, eksozi zinapiga mbele yake kidogo tu, upepo unapiga kioo. Atamsikia nani? Ndo maana walifundishwa kugeuza shingo kila wakati.

Rubani wa Mezani

Nakubaliana na fundi. @Kipepeo77 mi sikatazi mtu kucheza anavyopenda, ila usiite uhalisia. Na kuna hasara ambayo watu hawaioni, ukishazoea kuokolewa na masikio unaacha kuangalia nyuma. Zima sauti za adui kwa muda uone jinsi shingo yako itakavyoanza kufanya kazi.

Kwenye kamera ya nje ya ndege ndo adui asikike, na asikike kwa kuchelewa. Sauti inatumia kama sekunde 3 kwa kila kilomita. Ndege iliyo kilomita 2 kutoka kwenye kamera ikilipuka, uone moto kwanza halafu uhesabu mpaka 6 ndo mshindo ufike. Simyuleta ikifanya hivyo unahisi ukubwa wa anga.

Kingine cha nje, naomba king'ora cha Stuka, ile ndege ya mbizi ya Wajerumani Ju 87, tukiache kwa Stuka. Kile kilikuwa kifaa cha kweli, kipropela kidogo kimefungwa kwenye miguu ya Ju 87, kinaendeshwa na upepo, na hata Stuka zenyewe si zote zilikuwa nacho, baadaye vikawa vinaondolewa. Sa hivi kila ndege ikianguka kwenye filamu inalia hivyo, hata ya Mmarekani, na watengeneza modi nao wameambukizwa.

Bahari Hindi

Mkuu kabla hujafunga, ndege zenye injini mbili au nne. P-38 yangu nimeweka Allison mbili zinanguruma balaa, ila nikiangalia video za kweli ni kama inapita kimya kimya. Na ile Lancaster ina sauti ya kupanda na kushuka, wuu wuu wuu, hiyo inatoka wapi?

Rubani wa Mezani

P-38 ni kweli iko kimya, wala video haikudanganyi. Moshi wa injini unapitishwa kwenye turbo kabla ya kutoka nje, turbo inakula nguvu ya mshindo, kinachobaki ni mvumo na mluzi laini. P-40 ina Allison hiyo hiyo bila turbo, eksozi fupi wazi, inapiga kelele. P-47 nayo ina turbo nyuma kabisa kule mwilini, R-2800 yake ina silinda 18 ila haisikiki kama ya Corsair. Kwa hiyo kabla hujanakili Allison kutoka ndege moja kwenda nyingine fuata njia ya moshi mpaka inapotokea.

Ile wuu wuu ya Lancaster ni injini kutolingana kidogo. Moja ikiwa RPM 2400 milipuko yake ni 240 kwa sekunde, jirani ikiwa 2410 ni 241. Tofauti ni 1, kwa hiyo mara moja kila sekunde sauti zinakutana zinanenepa halafu zinapishana zinafifia. Marubani walikuwa wanasogeza leva za RPM taratibu mpaka ile wuu wuu inazidi kuwa ndefu, hapo wanajua zimelingana.

Kwenye gemu usirekodi hiyo ukaiweka kwenye faili. Weka injini nne kila moja na lupu yake (kipande cha sauti kinachojirudia), zianze kwenye sehemu tofauti za faili, ziruhusu zitofautiane RPM kidogo, itajitokeza yenyewe. Na injini moja ikipigwa risasi ikazimika, mchezaji atasikia mdundo umebadilika kabla hata hajaangalia nje. Kwenye IL-2 1946 mafaili ya kurekebisha yako kwenye folda ya presets, DCS yako kwenye sdef, yote ni maandishi ya kawaida unafungua na notepad. Fanya kopi ya asili kwanza ndo ubadilishe. Ukikwama leta faili hapa tuliangalie mistari yake pamoja.